Njia Iliyotangulia Tathmini: Mchepuo wa Reli ya Kisasa Kupitia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hadi Bandari Kavu ya Naivasha, 2014–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza uamuzi wa kupitisha reli ya kisasa ya Kenya ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kuelekea bandari kavu ya Naivasha, pamoja na nafasi ambayo tathmini ya athari kwa mazingira ilipewa katika uamuzi huo. Kwa mkabala wa kihistoria, insha inafuatilia historia ya ardhi iliyopitiwa, mfuatano wa matukio, na aina ya ushahidi uliotumiwa na pande zilizovutana. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la mazingira liliulizwa wakati ncha zote mbili za reli zilikuwa zimekwisha kuamuliwa. Hivyo tathmini ilibaki kupima namna ya kuvuka hifadhi, wala si haja ya kuivuka. Aidha, inaonyeshwa kwamba mvutano kuhusu hifadhi uliliacha eneo la bandari kavu yenyewe bila kuangaliwa ipasavyo na umma.

1.0 Utangulizi

Mnamo Oktoba 2016, Rais Uhuru Kenyatta alizindua katika eneo la Ngong ujenzi wa Awamu ya 2A ya reli ya kisasa, yaani kipande cha takribani kilomita 120 kutoka Nairobi hadi Naivasha. Mwezi mmoja kabla ya uzinduzi huo, Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira lilikuwa limeamuru kazi ya reli hiyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi isitishwe. Kisheria, matukio hayo mawili hayakugongana moja kwa moja, kwa kuwa Ngong iko nje ya mipaka ya hifadhi. Kwa mtafiti wa historia, hata hivyo, ukaribu wake una uzito. Mtu haanzi kujenga reli upande wa magharibi wa hifadhi, hali reli ya upande wa mashariki inakaribia kukamilika, ikiwa bado hajaamua itapita wapi katikati.

Maandishi mengi kuhusu reli hii yamejishughulisha na deni, zabuni na uhusiano wa Kenya na China. Masuala hayo ni halali na yana watafiti wake. Suala la mazingira limeandikwa zaidi kwa mtindo wa habari za harakati: wahifadhi upande mmoja, serikali upande mwingine, na simba katikati. Mtindo huo una mvuto, lakini unaficha jambo ambalo ni la kiutawala zaidi kuliko la kihisia, nalo ni mfuatano. Nani aliamua nini, lini, na tathmini ilimkuta kila mmoja akiwa amefikia wapi?

Insha haidai kwamba reli haikupaswa kujengwa. Wala haidai kwamba daraja lililojengwa hatimaye ni sawa na tuta la udongo ambalo lingeweza kujengwa badala yake. Kwa wanyama, tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa, na ni haki kuikiri. Kinachochunguzwa ni utaratibu uliozaa daraja hilo. Vyanzo vilivyotumika ni sheria zilizochapishwa, matamko ya taasisi za umma na kumbukumbu za mashauri, vikisomwa sambamba na historia ya eneo lenyewe.

2.0 Ardhi kabla ya reli mpya

Nairobi ni mtoto wa reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mwaka 1899 penye chemchemi na kinamasi ambapo Wamaasai walinywesha mifugo yao, na kufika Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Kambi ya wajenzi ikawa mji. Mji ukawa makao makuu. Jina lenyewe la mji linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wahandisi wa wakati huo walichagua njia kwa kuangalia mwinuko, maji ya injini na umbali. Hakuna aliyewataka waeleze wanyama au wafugaji wangepita wapi baada ya reli kuwekwa.

Kilichofuata ni muhimu kwa hoja ya insha hii. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika sehemu za Bonde la Ufa zilizo karibu na reli, zikiwemo nyanda za Naivasha, ili kuwapisha walowezi. Kwa mkataba wa 1911 waliohamishiwa Laikipia nao wakaondolewa tena kuelekea kusini. Wamaasai waliupinga mkataba huo wa pili mahakamani mwaka 1913, wakashindwa kwa hoja ya kwamba mikataba ile ilikuwa ya kidola na mahakama za koloni hazikuwa na mamlaka juu yake. Reli, kwa maneno mengine, haikuwa chombo cha uchukuzi peke yake. Iliamua nani akae wapi. Migogoro ya ardhi iliyoendelea hadi karne hii katika Bonde la Kedong, kati ya Suswa na Longonot, ina mizizi katika uhamisho huo, na bandari kavu ya Naivasha imejengwa katika ukanda huohuo.

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa Desemba 1946, ikiwa ya kwanza nchini Kenya. Ina eneo la takribani kilomita za mraba 117, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na Tsavo au Serengeti. Kabla ya hapo ardhi hiyo ilikuwa malisho na uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na kuanzishwa kwake kuliwaondoa wafugaji waliokuwa wakiitumia. Kwa upande wa kaskazini imezungukwa na mji, na ua umejengwa upande huo. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, imeachwa wazi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti, ambako nyumbu na pundamilia hutawanyika wakati wa mvua na kurudi hifadhini wakati wa kiangazi.

Uwazi huo wa kusini ndio uhai wa hifadhi. Bila huo, kilomita za mraba 117 ni bustani kubwa ya wanyama tu. Nao umekuwa ukizibwa kwa miongo minne: ranchi za pamoja ziligawanywa kuwa viwanja, nyua zikajengwa, Kitengela ikawa mji, machimbo ya mawe na viwanda vya saruji vikaenea Athi River. Idadi ya nyumbu wanaohama ilishuka kutoka makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi maelfu machache. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua. Mpango huo ulisaidia pale ulipofika, ingawa malipo yake hayakuweza kushindana na bei ya kiwanja. Reli ya kisasa basi haikuikuta hifadhi ikiwa salama, bali iliikuta imekwisha kubanwa pande tatu.

3.0 Sheria iliyosema "kabla"

Tathmini ya athari kwa mazingira, kama takwa la kisheria, ilianzia Marekani kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970. Baada ya mkutano wa Stockholm wa 1972, Nairobi ilichaguliwa kuwa makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Kenya yenyewe iliifanya tathmini kuwa lazima kwa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na kanuni za utekelezaji zikatolewa 2003. Katiba ya 2010 ilipandisha jambo hili daraja: Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 69 inaitaka dola iweke mifumo ya tathmini ya athari kwa mazingira.

Kifungu cha 58 cha sheria ya 1999 kinastahili kusomwa polepole. Kinamtaka mwenye mradi awasilishe taarifa ya mradi kabla ya kuugharimia, kuuanza au kuuendeleza. Neno "kugharimia" si la bahati mbaya. Watunga sheria walijua kwamba fedha zikishapatikana, masharti ya mkopo yakishakubaliwa na mkandarasi akishateuliwa, mradi hupata uzito ambao taarifa ya kitaalamu haiwezi kuusukuma tena. Sheria ilitaka swali liulizwe wakati jibu la "hapana" bado linawezekana.

Inafaa kulinganisha na reli ya TAZARA. Reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976, ilikata Pori la Akiba la Selous bila tathmini yoyote ya aina hii, kwa sababu sheria ya namna hiyo haikuwapo Tanzania wala Zambia; Tanzania ilipata sheria kamili ya usimamizi wa mazingira mwaka 2004. Mwanahistoria hawezi kuwalaumu wajenzi wa TAZARA kwa kutotii sheria ambayo haijatungwa. Wajenzi wa reli ya Nairobi–Naivasha hawana kinga hiyo. Kwao kipimo ni sheria ya nchi yao, iliyokuwa imetumika kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

4.0 Njia saba na ardhi isiyo na muuzaji

Awamu ya kwanza, kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilipata mkopo wa Benki ya Exim ya China mwaka 2014 na kuanza kubeba abiria mwishoni mwa Mei 2017. Kituo kikuu cha abiria kiliwekwa Syokimau, na reli ya mizigo ikaunganishwa na bandari kavu ya Embakasi iliyokuwapo tangu 1984. Vituo vyote viwili viko mashariki ya hifadhi. Kwa uamuzi huo mmoja, ambao wakati ule ulionekana kuwa wa kiuchukuzi tu, sehemu kubwa ya uamuzi wa awamu iliyofuata ilikuwa imekwisha kufanywa. Treni iliyofika Syokimau na inayotaka kwenda Ngong, kisha kuteremka Bonde la Ufa, ina mji upande wake wa kulia, hifadhi mbele yake, na nyanda za Wamaasai upande wake wa kushoto.

Njia saba zilitajwa kuwa zilichunguzwa. Katika mjadala wa umma ziliweza kuwekwa katika makundi matatu. Za kaskazini zingefuata ukingo wa mji, zikipita au kukaribia makazi, uwanja wa ndege wa Wilson na barabara ya mchepuko ya kusini. Zingehitaji kubomoa nyumba na kulipa fidia kubwa. Za kusini zingeizunguka hifadhi kupitia Kitengela na Ongata Rongai. Zingekuwa ndefu zaidi, zingepita katika ardhi ya watu binafsi ambayo bei yake ilikuwa imepanda, tena zingekata eneo la mtawanyiko wa wanyama lililoelezwa hapo juu. Za katikati zingepita ndani ya hifadhi.

Septemba 2016 mwenyekiti wa Bodi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Richard Leakey, alitangaza kwamba Bodi inaunga mkono njia ya katikati, kwa sharti la reli kupita juu ya daraja lenye urefu wa takribani kilomita 6, lililoinuliwa kwa wastani wa mita 18 hivi, na kuwekewa vizuizi vya kelele. Leakey hakuwa mtu wa kupuuzwa. Ndiye aliyeongoza idara ya wanyamapori wakati tani 12 za pembe za ndovu zilipochomwa katika hifadhi hiyohiyo mwaka 1989. Hoja yake ilikuwa ya kiuhalisia: reli itajengwa kwa vyovyote, njia ya kusini ingeiziba hifadhi mahali inapopumulia, na daraja refu ndilo dhara dogo zaidi.

Hoja hiyo ina nguvu, na wapinzani wake hawakuijibu sikuzote kwa ukamilifu. Kama kipimo ni uhuru wa nyumbu kwenda na kurudi, tuta la reli Kitengela lingeweza kudhuru zaidi kuliko nguzo zilizosimama ndani ya hifadhi. Lakini hoja inasimama juu ya msingi ambao haukuthibitishwa hadharani: kwamba njia ya kusini isingeweza nayo kupewa madaraja. Katika mlinganisho uliowasilishwa kwa umma, njia ya hifadhini ilipimwa ikiwa na tiba yake, hali njia za kando zilipimwa zikiwa na maradhi yao yote. Mlinganisho wa namna hiyo hauwezi kutoa jibu tofauti na lile lililotolewa.

Nyuma yake kuna suala la bei, na hapa ndipo mwandishi wa insha hii anaona kiini cha jambo. Ardhi ya hifadhi haina muuzaji. Hakuna mwenye hati wa kukataa, hakuna mthamini wa kupandisha bei, hakuna nyumba ya kubomoa mbele ya kamera. Katika hesabu ya mhandisi inaandikwa kama ardhi ya umma, na ardhi ya umma katika hesabu ya namna hiyo hukaribia sifuri. Hivyo ulinzi uliowekwa mwaka 1946 ili ardhi isitumike kwa jambo jingine ndio uliohifadhi eneo tupu, pana na rahisi katikati ya jiji lililojaa, na kulifanya livutie barabara, nyaya za umeme na hatimaye reli. Tathmini isiyoipa ardhi iliyohifadhiwa thamani yake kamili huanza ikiwa imeegemea upande mmoja, hata kama kila kipimo cha kelele kilichomo ndani yake ni sahihi.

5.0 Simba wa Isinya na tembo wa Tsavo

Kati ya Februari na Machi 2016, wakati ujenzi wa awamu ya kwanza ukiendelea kando ya hifadhi, simba kadhaa walitoka na kuonekana katika makazi na barabara. Mmoja wao, dume mashuhuri aliyeitwa Mohawk, aliuawa kwa risasi na askari wa wanyamapori huko Isinya, Kajiado, mwishoni mwa Machi. Wakazi wengi wa Nairobi waliihusisha kadhia hiyo na kelele za mashine za reli, na picha ya simba yule ikawa hoja ya kwanza ya wapinzani wa mchepuo.

Kwa ushahidi uliopo, uhusiano huo hauwezi kuthibitishwa. Simba dume huhama wanaposhindwa na wenzao. Hufuata mawindo yaliyotawanyika wakati wa mvua. Na Isinya iko upande ule wa kusini ambako wanyama wa hifadhi wamekuwa wakienda tangu zamani. Ili kutenganisha sababu ya reli na sababu hizo nyingine, zingehitajika kumbukumbu za miaka kadhaa kabla ya ujenzi, zikionyesha simba walitoka mara ngapi, majira gani na kupitia wapi, kisha zilinganishwe na za wakati wa ujenzi. Wapinzani hawakuwa na kipimo hicho mkononi, na waliotetea reli hawakuwa nacho pia. Kila upande ulitumia ukosefu wa takwimu kwa manufaa yake: mmoja ukisema dhara ni dhahiri, mwingine ukisema dhara halijathibitishwa.

Tsavo inatoa mfano wenye manufaa zaidi, ingawa haukuzungumzwa sana jijini. Huko reli ya awamu ya kwanza iliwekwa juu ya tuta refu lenye uzio, pamoja na vivuko vya chini vya wanyama, madaraja na makalvati. Tembo kadhaa walifungwa mikanda ya kufuatiliwa kwa satelaiti mwaka 2016, na nyendo zao zikafuatiliwa kabla na baada ya reli kukamilika. Ilibainika kwamba tembo hutumia vivuko, hasa vile vikubwa na madaraja, na hupendelea usiku. Makalvati madogo hayawafai sana. Funzo ni la kawaida lakini ni la thamani: upana na mahali pa kivuko huamua kama mnyama atakitumia, na mambo hayo lazima yaamuliwe kwenye mchoro, kabla ya zege kumiminwa. Daraja la Nairobi linaweza kusomwa kama funzo hilo lililozingatiwa. Linaweza pia kusomwa kama gharama ambayo serikali ilikubali kulipa ili mjadala wa njia ufungwe.

Jambo lililopata nafasi ndogo kuliko linavyostahili ni kipindi cha ujenzi chenyewe. Daraja likikamilika, twiga hupita chini yake. Lakini kwa miezi mingi kabla ya hapo kuna barabara ya malori, kambi, taa za usiku, vumbi na uchimbaji wa misingi ya nguzo, nayo yote hayapiti juu ya daraja.

6.0 Leseni na amri

Wanaharakati, akiwemo Okiya Omtatah, pamoja na mashirika ya uhifadhi, walilifikisha suala hili mbele ya Baraza la Rufaa mwaka 2016. Mjadala wa umma kuhusu ripoti ya tathmini uliendelea katika miezi ileile ambayo uzinduzi ulifanyika, na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikapatikana baadaye. Waliopinga wakakata rufaa dhidi ya leseni hiyo. Chini ya kifungu cha 129 cha sheria ya 1999, wakati huo rufaa ilipowasilishwa hali iliyopo ilidumishwa hadi ilipoamuliwa.

Mwanzoni mwa 2018, rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, mitambo iliingia hifadhini. Waandamanaji walitembea katika mitaa ya Nairobi mwezi Machi. Upande wa mradi ulisimama juu ya leseni. Upande wa rufaa ulisimama juu ya amri. Kwa mtazamo wa historia ya taasisi, tukio hili linazidi ukubwa wa hifadhi yenyewe. Kifungu cha 129 kiliwekwa kwa kutambua kwamba madhara ya mazingira mara nyingi hayarudishiki: mahakama haiwezi kuamuru kilima kilichochimbwa kirudi. Nguzo zikishasimama, rufaa hupoteza kinachobishaniwa, na baraza hubaki na jalada lisilo na mradi wa kuzuia.

7.0 Mwisho wa reli

Kipande cha Nairobi hadi Suswa kilifunguliwa kwa abiria Oktoba 2019, na shehena ya kwanza kwenda bandari kavu ya Naivasha ikazinduliwa Desemba mwaka huohuo. Bandari kavu hiyo haiko katika mji wa Naivasha bali katika uwanda wa Mai Mahiu na Suswa, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Sababu zilizotolewa za kuiweka huko zilikuwa ukaribu na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, eneo maalumu la kiuchumi lililokusudiwa kujengwa kando yake, na kupunguza msongamano wa Embakasi.

Hapa ndipo pengo kubwa la mjadala linapoonekana. Kilomita 6 za hifadhi zilizungumzwa nchini na nje. Uwanda wa Suswa ulizungumzwa na wakazi wake. Lakini ardhi hiyo ina matatizo ambayo hayahitaji simba ili yaonekane. Udongo wake ni majivu ya volkano kutoka Suswa na Longonot, mwepesi na unaoliwa na maji upesi. Machi 2018, mvua kubwa iliponyesha, ufa mrefu na wenye kina ulijitokeza karibu na barabara ya Mai Mahiu–Narok na kuikata. Vyombo vya habari vya dunia vilisema Afrika inapasuka. Wanajiolojia wengi walieleza kwa utulivu zaidi kwamba maji yalikuwa yamezoa majivu yaliyojaza ufa wa zamani. Maelezo ya pili hayapunguzi hatari. Katika udongo wa namna hiyo, kila tuta linalozuia mkondo na kila kalvati linalokusanya maji mahali pamoja hubadilisha njia ya korongo, na korongo jipya hupita katika malisho ya mtu. Aidha, uwanda huo ni ushoroba kati ya Hell's Gate, Longonot na Suswa, unaotumiwa na twiga, pundamilia na swala ambao hawana askari wa kuwalinda wala lango la watalii.

Halafu kuna hesabu ya moshi. Mojawapo ya faida zilizotajwa za reli ilikuwa kupunguza malori barabarani. Treni za Kenya huvutwa na injini za dizeli, tofauti na reli ya kisasa ya Tanzania inayotumia umeme, lakini hata dizeli ya treni hubeba tani nyingi kwa lita kuliko lori. Faida hiyo hata hivyo hutegemea kasha lisafiri kwa reli umbali mrefu bila kushushwa. Mpango wa awali ulikuwa reli iendelee hadi Kisumu na Malaba, iungane na Uganda. Mkopo wa China wa sehemu hiyo haukupatikana mwaka 2019, na reli ya upana wa milimita 1,435 ikakoma Naivasha, mbali na mpaka. Juni 2020, wakati foleni za madereva waliosubiri vipimo vya korona zikiwa ndefu Malaba, serikali ilielekeza mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ichukuliwe Naivasha. Wafanyabiashara wa Uganda walipinga, wakilalamikia gharama. Kasha lililoshushwa Naivasha lilipandishwa tena kwenye lori, likafuata barabara ya Nakuru kuelekea magharibi. Malori yaliyopunguzwa kati ya Mombasa na Nairobi yalikusanyika Mai Mahiu, mji mdogo chini ya mteremko mkali ambao tayari ulikuwa maarufu kwa ajali.

Ili kuziba pengo hilo ilibidi kujengwa kipande cha reli cha takribani kilomita 24, chenye upana wa zamani wa mita moja, kutoka bandari kavu hadi kituo cha Longonot kwenye njia ya Reli ya Uganda, ili makasha yaliyopakiwa upya kwenye mabehewa ya zamani yaelekee Malaba. Njia ya Longonot ilikuwapo tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na inafika Nairobi kupitia Limuru bila kugusa hifadhi. Kuikarabati njia hiyo, au kuipandishia hadhi kwa hatua kutoka Embakasi, ni chaguo ambalo kanuni za 2003 zinalitambua kwa jina la njia mbadala. Mizania yake dhidi ya daraja, handaki la Ngong lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 na uwanda wa Suswa ingeweza kupigwa mwaka 2014, kabla ya Syokimau kuchaguliwa, kwa takwimu zilezile za mizigo zilizokuwa mezani wakati huo.